Kutoka Karakana ya Keko hadi Kioo cha Simu: Hatua za Kutengeneza Tangazo la Mitandaoni

Mwongozo huu unafuata kazi moja tangu mwanzo hadi mwisho, yaani tangazo la vitanda vya mninga nililomtengenezea fundi seremala wa Keko nikiwa mwanafunzi wa mwaka wa tatu wa usanifu wa picha hapa Dar es Salaam. Nimeshikilia kazi moja kwa sababu maelezo ya jumla kuhusu rangi, herufi na mpangilio yanapatikana kwa wingi, lakini mwanafunzi aliyepata mteja wa kweli, mwenye bidhaa ya kweli na haraka ya kuuza, hutaka kujua aanze na lipi, lipi lifuate, na wapi asimame afikiri kabla ya kuendelea. Wazo linaloongoza hatua zote ni kwamba sehemu kubwa ya kazi hii hufanyika mbali na kompyuta: huanzia mahali bidhaa inapotengenezwa, na huishia mkononi mwa mtu aliyesimama kwenye daladala, simu mkono mmoja na bomba mkono wa pili.

Hatua ya kwanza: Nenda ukaione bidhaa na umsikilize mwenye nayo

Kazi nyingi za wanafunzi huja kwa ujumbe wa WhatsApp wenye picha mbili zisizoonekana vizuri, namba ya simu, na ombi la kutengenezewa "tangazo kali". Maelezo hayo hayatoshi kuanzia kazi. Nilipanda gari nikaenda Keko, eneo la Temeke linalojulikana jijini kwa samani, ambako vitanda, makabati na makochi hutengenezwa na kuuzwa kando ya barabara mbele ya macho ya wapita njia. Nilikaa karakanani kwa saa mbili nikitazama mbao zikipigwa randa na msasa kabla sijauliza jambo lolote la kazi.

Namna ya kuuliza ina uzito wake. Ukimuuliza mteja anataka tangazo liweje, atakueleza tangazo la jirani yake, kwa kuwa hilo ndilo aliloliona. Muulize kuhusu wanunuzi wake. Mazungumzo yetu yalikwenda hivi:

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, kijana wangu. Vuta hicho kigoda ukae."

"Ahsante, fundi. Naomba unieleze, mtu akisimama hapa mbele ya kitanda, anauliza nini kwanza?"

"Anauliza mbao gani, halafu futi ngapi, halafu bei. Akishasikia bei anainama, anatazama chini ya kitanda."

"Anatafuta nini huko chini?"

"Chaga. Wapo wanaoweka mninga kichwani na miguuni, chini wanaweka mbao laini. Kwa hiyo haamini mpaka aone mwenyewe."

Chaga ni zile mbao za chini zinazobeba godoro, na jibu hilo la mwisho ndilo lililonipa tangazo. Mninga ni mbao ngumu yenye heshima katika nyumba zetu, na mtu anayetoa fedha za mninga huogopa kurudi nyumbani na kitu kingine kilichopakwa rangi ya mninga. Kazi yangu, basi, haikuwa kusema kwamba kitanda ni kizuri, kwa kuwa uzuri wake ungeonekana pichani. Kazi yangu ilikuwa kuijibu hofu ya yule anayeinama.

Hatua ya pili: Andika sentensi moja, kisha uithibitishe

Kabla ya kufungua programu yoyote, andika kwenye karatasi majibu ya maswali manne: nani anayenunua, ananunua nini hasa, kwa nini akuamini, na akishaamini afanye nini. Majibu yangu yalikuwa haya: mtu anayehamia nyumba yake au anayejiandaa kuoa; kitanda cha futi tano kwa sita; kwa sababu kitanda chote ni mninga, pamoja na sehemu isiyoonekana; atume ujumbe wa WhatsApp au afike Keko. Kutoka hapo nilijilazimisha kupata sentensi moja ambayo tangazo lingeibeba, nayo ikawa "Mninga mtupu hadi chaga."

Sentensi ya namna hiyo ni ahadi, na msanifu anayeiandika anashiriki katika ahadi hiyo. Kwa hiyo nilimwomba fundi anionyeshe chaga kabla hazijapakwa vanishi, nikazitazama moja moja. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji kuhusu bidhaa, lakini hata kama sheria hiyo isingekuwapo, mwanafunzi anayeanza kujenga jina lake hana sababu ya kuandika neno "mtupu" juu ya kitu ambacho hajakishika. Kama chaga zingekuwa za mbao nyingine, ningeandika sentensi nyingine.

Hatua ya tatu: Piga picha ya kitu chenyewe

Kuna mazoea mabaya katika biashara ya samani mitandaoni: muuzaji huchukua picha ya kochi kutoka ukurasa wa kigeni, huweka namba yake juu yake, na mnunuzi huletewa kitu kinachofanana nacho kwa mbali tu. Picha hizo zina wenyewe, na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inawalinda wapigapicha kama inavyowalinda waandishi na wanamuziki. Ninalipinga zoea hilo pia kwa sababu ya kiufundi, kwamba picha ya kuazima haiwezi kuonyesha chaga za fundi wangu, na chaga ndizo tangazo.

Simu ya kawaida inatosha ikiwa mwanga ni mzuri. Jua la Dar es Salaam la mchana hukata vivuli vyeusi na kung'arisha vanishi kupita kiasi, kwa hiyo nilipiga picha kati ya saa moja na saa tatu asubuhi, kitanda kikiwa kivulini karibu na sehemu iliyo wazi. Karakana nyingi zimeezekwa au kuzibwa kwa turubai la buluu, na turubai hilo humwaga rangi yake juu ya mbao hata mninga ukaonekana wa kijivu. Tulikisogeza kitanda mita mbili nje ya turubai na tofauti ikawa kubwa. Niliweka pia karatasi nyeupe pembeni mwa kitanda katika picha ya kwanza, ili baadaye niweze kuiambia programu kwamba hii ndiyo nyeupe, na rangi nyingine zote zijipange kutokana nayo. Fundi alinipa kipande cha mninga nikaondoka nacho, nikawa nakilinganisha na picha kila niliporekebisha rangi. Vioo vya simu hubadilisha rangi kila kimoja kwa namna yake, hivyo usilenge rangi ya kuvutia. Lenga rangi ambayo mnunuzi akifika dukani hatasema kwamba amebadilishiwa.

Nilipiga kitanda kizima, kisha kona ya kiungo, nyuzi za mbao kwa karibu, na chaga kutoka chini, nikiwa nimelala sakafuni. Vijana wawili waliokuwa wakipiga msasa waliingia katika baadhi ya picha, nikawaeleza picha ni ya nini na itawekwa wapi, nikaomba ridhaa yao kwa maandishi mafupi. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, jambo hili si la adabu peke yake, na mwanafunzi afadhali alizoee mapema.

Hatua ya nne: Chora kwa kalamu, ukiwa na khanga mbele yako

Chora visanduku vidogo, kila kimoja si kikubwa kuliko kisanduku cha kiberiti, na ujaze kimoja kimoja kwa mpangilio tofauti wa picha, sentensi, bei na mawasiliano. Nilichora kumi na viwili. Udogo wa kisanduku unakulinda, kwa kuwa huwezi kujificha nyuma ya mapambo: kama mpangilio haueleweki ukiwa mdogo, hautaeleweka ukiwa mkubwa.

Mwalimu wangu wa mpangilio ni khanga. Khanga ina pindo linaloizunguka, mji ulio katikati, na jina, yaani maneno yaliyoandikwa kwa herufi kubwa chini ya mji. Kila kimoja kina nafasi yake na hakuna kinachomwingilia mwenzake, ndiyo maana mwanamke akipita ng'ambo ya barabara ya Kariakoo tunaona rangi kwanza, kisha umbo la mji, na akikaribia tunasoma jina. Tangazo linahitaji ngazi hizo tatu za kuonekana. Jiulize kwa kila kisanduku: kipi kitaonekana mtu akiwa bado anasogeza kidole, kipi kitamsimamisha, na kipi atakisoma akishasimama? Wanafunzi wengi hutaka vitu vyote vionekane kwanza, na matokeo yake ni sawa na khanga yenye majina sita.

Hatua ya tano: Chagua vipimo

Hapa hapahitaji muda mrefu. Kwa Instagram na Facebook, mraba ni pikseli 1080 kwa 1080, na picha ya wima ni 1080 kwa 1350. Ya wima huchukua sehemu kubwa zaidi ya kioo, kwa hiyo nilianza na hiyo. Kwa stori, na pia kwa stetasi ya WhatsApp ambayo kwa wafanyabiashara wadogo wa jiji hili ina kazi kubwa kuliko kurasa nyingi, kipimo ni 1080 kwa 1920. Katika stori acha takriban pikseli 250 juu na 340 chini bila maandishi yoyote ya maana, kwa sababu jina la akaunti na vitufe hukaa hapo. Katika tangazo langu la kwanza kabisa, lililotangulia hili la vitanda, niliiweka namba ya simu chini kabisa na kitufe kikaifunika, na mteja alipoteza siku mbili kabla hatujatambua.

Hatua ya sita: Shughulikia maandishi ya Kiswahili kama Kiswahili

Hatua hii ndiyo inayopuuzwa kuliko zote. Violezo vilivyo tayari katika programu nyingi vimepimwa kwa maneno mafupi ya Kiingereza. Mahali palipoachiwa herufi nne, sisi tunataka kuweka "Punguzo", lenye herufi saba, au "Tunapatikana", lenye kumi na mbili. Mwanafunzi hupunguza ukubwa wa herufi hadi neno litoshee, na sentensi iliyotakiwa kuongoza inageuka kuwa sentensi ya kunong'ona. Fanya kinyume chake: andika maneno yako kwanza kwa ukubwa yanaouhitaji, kisha jenga mpangilio kuyazunguka.

Unapokata mistari, ikate kwa maana. Maneno kama "ya", "cha", "kwa" na "na" yaende pamoja na neno linaloyafuata, yasiachwe yakining'inia mwishoni mwa mstari. "Kitanda cha" juu na "mninga" chini humfanya msomaji akwame kidogo, ilhali "Kitanda" juu na "cha mninga" chini husomeka kwa pumzi moja. Katika tangazo langu nilipanga "Mninga mtupu" mstari wa kwanza na "hadi chaga" mstari wa pili, na macho yakashuka kutoka mbao ya juu hadi mbao ya chini kama mnunuzi anavyoinama.

Ukitumia herufi kubwa, tazama nafasi kati ya herufi kwa jicho lako. V, W, Y, T na A zina pembe zinazoacha mapengo zikikaa pamoja, na Kiswahili kinazikutanisha mara kwa mara. Neno VYA lina herufi tatu mfululizo za aina hiyo. Likiachwa bila kurekebishwa, katika fonti dhaifu hutawanyika hadi kuonekana kama herufi tatu zisizojuana. Zisogeze hadi nafasi zilingane machoni, hata kama hazilingani kwa rula. Usisahau pia kibainishi katika maneno kama "mng'ao", ambalo fundi alitaka litumike kwa vanishi yake, maana bila alama hiyo neno linasomeka kwa sauti nyingine. Kisha mpe mtu mwingine asahihishe tahajia. Mnunuzi anayekuta "kalibu sana" juu ya tangazo ana haki ya kujiuliza kama umakini wa karakana nao uko hivyo hivyo.

Fonti mbili zinatosha, na mara nyingi moja yenye unene wa aina mbili inatosha zaidi. Hakikisha una haki ya kuitumia kwa biashara. Fonti za Google Fonts zinaruhusiwa. Kuhusu rangi, viwango vya kimataifa vya ufikivu wa wavuti vinataka tofauti ya mwangaza kati ya maandishi na usuli isipungue 4.5 kwa 1 kwa maandishi ya kawaida, na 3 kwa 1 kwa maandishi makubwa. Zipo zana za bure mtandaoni za kupima uwiano huo. Maandishi meupe juu ya hudhurungi iliyoiva ya mninga yalifaulu kwa urahisi. Ya njano juu ya ukuta mweupe, ambayo fundi aliyapenda, hayakufaulu, nami nilimwonyesha kwenye simu yake tukiwa juani akakubali mwenyewe.

Limebaki suala la bei. Ninaamini kwamba bei iandikwe. Tangazo linalosema "bei njoo inboksi" linamwomba mtu afanye kazi kabla hajajua kama kazi hiyo ina faida kwake, na wengi huona kwamba wanapimwa mfuko kabla ya kutajiwa bei. Fundi alihofia kwamba majirani wangeiona bei yake. Tulizungumza kwa muda, akakubali kwamba majirani wanaijua tayari. Tuliandika "Sh 850,000" kwa tarakimu zenye mkato, na chini yake, kwa herufi ndogo zaidi, kipimo cha futi tano kwa sita na maelezo kwamba usafiri haumo.

Hatua ya saba: Panga kwenye kompyuta

Photoshop na Illustrator hulipiwa. GIMP na Inkscape ni za bure na zinaweza kazi hii yote. Canva na Figma hufanya kazi kupitia intaneti, kwa hiyo hesabu bando lako. Programu haitaamua ubora wa tangazo lako. Fanya kazi katika rangi za sRGB, yaani mfumo wa rangi wa vioo vya simu na kompyuta, kwa kuwa zile za uchapaji wa karatasi hupauka kwenye simu, na uyape majina matabaka yako yote ili utakapobadilisha bei mwezi ujao usitafute kwa saa nzima.

Hatua ya nane: Jaribu mahali ambapo tangazo litaishi

Tuma tangazo kwenye simu, na ikiwezekana isiwe simu yako. Nilitumia simu ya shangazi yangu, yenye kioo kilichopasuka na mwanga uliopunguzwa ili betri idumu, kwa sababu simu za aina hiyo ni nyingi kuliko ile ya darasani. Toka nje juani saa sita mchana ulitazame. Kisha mwonyeshe mtu kwa sekunde mbili, ficha simu, na uulize: kinauzwa nini, kwa bei gani, na ukikitaka utafanya nini? Usiulize kama ni zuri. Watu wa pwani wana adabu, watakujibu kwamba ni zuri sana, nawe hutakuwa umejifunza chochote.

Niliwauliza watu watano, wakiwamo mama lishe mmoja na kijana aliyekuwa akisubiri mwendokasi. Wote walikitaja kitanda na mninga, wanne waliikumbuka bei, na hakuna hata mmoja aliyejua duka liko wapi, ingawa neno "Keko" lilikuwapo. Lilikuwa pembeni, jembamba, na halikusaidia hata kwa aliyeliona, kwa kuwa Keko ni kubwa. Katika jiji hili mtu huelekezwa kwa kituo cha daladala, kwa hiyo niliondoa anwani rasmi, nikaandika jina la kituo anachoshukia abiria na hatua anazotembea hadi karakanani, nikaliweka mara moja chini ya bei. Niliporudia jaribio kwa watu wengine watano, watatu walijibu sawasawa. Mtu mmoja aliuliza chaga ni nini. Nikaongeza picha ndogo ya chaga iliyopigwa kutoka chini, na swali hilo halikurudi tena.

Hatua ya tisa: Liweke hewani na uhesabu kilicho cha maana

Tangazo la kulipia hukuruhusu kuchagua eneo. Kitanda husafirishwa kwa kirikuu, yaani gari dogo la mizigo, na gharama ya kirikuu hadi mkoa mwingine ingekula faida, hivyo tuliliwekea mipaka ya Dar es Salaam. Tuliandaa matoleo mawili yanayotofautiana kwa jambo moja tu: moja lilianza na kitanda kizima, la pili lilianza na chaga. Ukibadilisha picha, maneno na rangi kwa wakati mmoja, hutajua kipi kilicholeta tofauti.

Jifunze kusoma takwimu mbili. Ya kwanza ni kiwango cha kubofya: tangazo likionekana mara 4,000 na kubofywa mara 40, kiwango ni asilimia 1. Ya pili, ambayo ninaithamini zaidi, ni gharama ya mazungumzo moja: ukitumia Sh 20,000 na watu kumi wakatuma ujumbe, kila mazungumzo yamegharimu Sh 2,000. Alama za kupenda zinafurahisha, lakini fundi halipi kodi ya banda kwa alama hizo. Tulinunua daftari dogo likakaa karakanani, na kila mnunuzi aliyepiga simu au kufika aliulizwa ametuona wapi, jibu likaandikwa kwa mstari mmoja. Toleo lililoanza na chaga ndilo lililoleta mazungumzo mengi zaidi, nasi tukalibakiza hilo.

Hatua ya kumi: Kabidhi faili

WhatsApp hubana picha inapotumwa kwa njia ya kawaida, na maandishi madogo hupata ukungu. Mtumie mteja faili kama hati. Hifadhi kwa PNG pale maandishi yanapotawala, na kwa JPEG pale picha inapotawala. Kila faili iandikwe jina la bidhaa, kipimo na tarehe, kwa mfano "kitanda-5x6-stori-machi", ili fundi asije akarusha lenye bei ya zamani. Mweleze pia kwamba siku bei ya mninga itakapopanda, au siku atakapolazimika kuweka chaga za mbao nyingine, tangazo hili liondolewe siku hiyo hiyo, naye akupigie simu mtengeneze jingine.